Shahidi wa Jasi

Nyumba yetu ya Musonoi ilikuwa na ufa. Ulianzia juu ya mlango wa chumba cha wavulana, ukapanda mshazari kama mjusi hadi chini ya paa. King'ora cha shimoni kilipolia, Mama aliteremsha vikombe kutoka kwenye rafu, baruti ikapiga, madirisha yakatetema, kisha sote tukageuka kuutazama ukuta. Kila mtu aliupima ufa kwa macho yake. Mama aliona umepanuka, Papa aliona uko vilevile, na hakukuwa na wa kuamua.

Aliyeamua ni jirani yetu, mwashi mstaafu tuliyemwita Kambo ingawa hakuwa babu yetu wa damu. Alikuja na jasi kwenye kopo la maziwa, akaikoroga kwa maji, akabandika kipande chembamba kama kidole kukatisha ufa, na kabla hakijakauka akachora tarehe kwa msumari. "Huyu njo shahidi," alisema. "Ukuta ukitembea, yeye atapasuka. Asipopasuka, mulale." Wiki ya tatu shahidi alikatika katikati. Mama alikuwa ameshinda kesi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sitasema kwamba siku hiyo niliapa kuwa mhandisi wa ujenzi. Wanaosimulia hivyo huzipanga kumbukumbu zao baada ya kupata diploma. Nilichotaka kujua siku ile ni mahali Kambo alipoipata jasi, maana nami nilitaka kubandika mashahidi wangu kwenye nyumba za watu.

Kwa asiyeijua, Musonoi ni mtaa wa wafanyakazi pembeni mwa Kolwezi, uliojengwa na Union Minière karibu kabisa na mgodi ili mtu asichelewe zamu. Kampuni ilitaifishwa na Mobutu kuanzia 1967, ikaishia kuitwa Gécamines, lakini maisha yalibaki ya kambi: nyumba ya kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya kampuni, posho ya unga. Wazee walisema "Gécamines njo baba, njo mama," na hawakuwa wakitania. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba duniani kuna kazi moja, nayo ni mukuba, yaani shaba. Wengine wote, walimu, wauguzi na wauza mandazi, walikuwa wasaidizi wa mukuba.

Udongo wenyewe ulisaidia imani hiyo. Wataalamu wa mawe huko nje wanalijua jina la Musonoi vizuri kuliko wasafiri, kwa sababu mgodi wetu umetoa madini ambayo hayakuwahi kuonekana kwingine kabla yake: guilleminite, marthozite, oosterboschite, demesmaekerite, derriksite. Ukiyasoma majina hayo utadhani unasoma orodha ya wageni wa hoteli ya Brussels, na hutakosea sana. Ni majina ya mabwana, wengi wao wakiwa wakubwa na wanajiolojia wa kampuni. Mtu aliyelipasua jiwe kwa nyundo hakupata jiwe.

Basi nilipopata diploma ya taifa mwaka 2007, sehemu ya hesabu na fizikia, asilimia 61, nikamwagiwa poda kichwani barabara nzima kama ilivyo desturi, swali la chuo lilionekana limekwisha kujibiwa. Papa alikuwa ameondoka kazini mwaka 2003, katika ule mpango wa "départs volontaires" ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa pesa ya mkupuo wakaenda. Kipande cha pesa hiyo kilikuwa kimefichwa kwa ajili ya masomo ya mtoto mmoja. Mtoto huyo nilikuwa mimi, kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa na haki ya kusema.

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya misa. Baba mukubwa alitaka nisomee udaktari. Papa alitaka migodi, Lubumbashi. Mama, ambaye alizungumza Kibemba kuliko Kiswahili, alikumbusha kwamba tuna ndugu Kitwe, na kwamba Copperbelt University wanafundisha ujenzi, na ukitoka Lubumbashi alfajiri ukavuka mpaka Kasumbalesa bila mizozo, jioni unakula kwa shangazi. Ilikuwa hoja nzuri kuliko zote na hakuna aliyeisikiliza. Kitwe ni Kiingereza, wakasema. Kitwe ni ugenini. Kinshasa, ambayo iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa ndege na haina barabara ya kuaminika kutoka kwetu, ndiyo ilihesabiwa kuwa nyumbani. Mpaka uliochorwa na wazungu ulikuwa umeingia hadi kwenye kikao chetu cha Jumapili na kukaa kiti cha mbele.

Nikasema nataka kuwa "ingénieur civil." Uso wa Papa ukang'aa. "Lakini njo hiyo ninasema! Lubumbashi kwenye Polytechnique, mwanangu. Ma-enjenieri wote wakubwa wa kampuni walikuwa ingénieur civil."

Tulikubaliana kwa furaha, kila mmoja akimaanisha kitu chake.

Hapa ndipo nilipopotezea mwaka mmoja wa maisha, na sina wa kumlaumu isipokuwa neno, na mimi mwenyewe niliyeona haya kuuliza maana yake. Katika desturi ya Ubelgiji tuliyoirithi, "ingénieur civil" ni cheo cha mtu aliyemaliza masomo marefu ya uhandisi chuo kikuu, kumtofautisha na yule wa masomo mafupi ya ufundi. Baada ya cheo ndipo linakuja tawi: "ingénieur civil des mines," "ingénieur civil métallurgiste," "ingénieur civil électricien." Mtu anaweza kuwa "ingénieur civil" hadi anastaafu na asijue kupanga tofali. Kazi ya nyumba, barabara na madaraja ina jina lingine, "génie civil." Kwa Waingereza mambo ni kinyume: "civil" kwao ni ujenzi moja kwa moja, tangu John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone uliowashwa 1759, alipojiita hivyo kujitenga na wahandisi wa jeshi. Neno moja, njia mbili. Waswahili wa Dar es Salaam wanaosema "uhandisi ujenzi" hawajui ni ajali gani wameiepuka. Kwetu hakuna asemaye mhandisi. Tunasema enjenieri, na enjenieri ni enjenieri.

Niligundua hayo Lubumbashi, nikiwa nimeshalipa na nimeshaanza mwaka wa maandalizi tuliouita "prépoly." Hesabu asubuhi, hesabu jioni, michoro usiku. Siku moja kwenye foleni nikamuuliza kijana wa mwaka wa nne tunaanza madaraja lini. Akanitazama kwa huruma. "Mudogo yangu, hapa njo mines. Daraja utaona ukienda kwenu kwa likizo." Wenzangu wakacheka, nami nikacheka, usiku nikalia.

Polytechnique ya Lubumbashi imewazaa wahandisi wa migodi na madini walioendesha ukanda mzima wa shaba, na mtu anayetaka mukuba akienda kwingine ni mpumbavu. Kosa lilikuwa kwamba nilichagua chuo kwa kusikia jina lake likitamkwa kwa heshima mezani. Sikuwahi kusoma orodha ya masomo. Sikuwa nimezungumza na hata mtu mmoja aliyekaa kwenye madawati yale. Nilikuwa nimeupima ufa kwa macho, kama Mama na Papa.

Mwaka ulipokwisha sikurudi Musonoi mara moja, niliona aibu. Nilikaa kwa binamu, nikaanza kutembelea vyuo kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga. Ziara moja sitaisahau. Chuo chenyewe sikitaji. Bango lake la lango lilikuwa zuri, na mhusika wa masomo, mwenye tai pana, alinihakikishia kwamba ujenzi ndio fahari yao. Nikaomba kuona maabara. Akatafuta ufunguo kwa muda mrefu mno. Ndani kulikuwa na mashine ya kuponda zege, ile ambayo kazi yake ni kukandamiza mche wa zege uliokaa siku 28 hadi upasuke, ili ujue unabeba mzigo kiasi gani. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa palisimama chombo cha maua ya plastiki. Nilimshukuru yule bwana kwa dhati. Alikuwa amenipa kipimo ambacho ninakitumia mpaka leo: usikiulize chuo cha ujenzi kinajenga nini, kiulize kinavunja nini. Kinachofundisha kweli kina jaa la zege lililopondwa nyuma ya maabara, na vumbi, na fundi wa maabara mwenye hasira kwa sababu wanafunzi wamemaliza saruji.

Mwishoni mwa 2008 nilielekea Kinshasa, kwenye Institut National du Bâtiment et des Travaux Publics, INBTP, kule Ngaliema. Safari hii nilikuwa nimeuliza. Mtu mmoja aliyesoma pale na kufanya kazi ya barabara karibu na Likasi alinionyesha madaftari yake: upimaji wa ardhi, maji, barabara, majengo, na mazoezi ya udongo yenye madoa ya udongo wenyewe kwenye karatasi. Madoa yale yalinishawishi kuliko barua ya kukubaliwa.

Ndege ilikuwa zaidi ya pesa iliyobaki. Nikapanda treni Lubumbashi, nikapita Tenke na Kamina, siku sita hadi Mwene-Ditu, nimekaa juu ya gunia la mahindi la mama mmoja aliyeniuliza kila asubuhi kama nimelivunjavunja. Mwene-Ditu nililala kwa mtu ambaye binamu alikuwa amenipa jina lake tu. Mzee aliponisikia nikibisha hodi kwa Kiswahili cha Kolwezi alisimama mlangoni kwa muda bila kunikaribisha. Kisha akauliza: "Ule muembe wa mbele ya dispansari ya Musonoi, ungali?" Alizaliwa Kolwezi, baba yake akiwa mfanyakazi wa kampuni. Mwaka 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga, alipakiwa kwenye treni na watoto wanne na cherehani. Hakunilalamikia. Alinipikia bukari, akaniambia matofali ya Mwene-Ditu hayashiki kama ya vichuguu vya kwetu. Alisema "kwetu." Nilimwambia muembe ungali, ingawa sikuwa na hakika.

Kutoka hapo nilienda kwa malori, Kananga, Tshikapa, Kikwit. Kwa mwanafunzi wa ujenzi hakuna somo la kwanza zuri kuliko barabara hiyo ilivyokuwa miaka ile: madaraja ya magogo ambayo turnboyi hushuka kwanza kuyakanyaga, kivuko kinachosubiri mafuta, mteremko ambapo abiria hutafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Nilifika Kinshasa nimechelewa wiki mbili, nimekonda, na nikiwa na maswali mengi kuliko fomu ya usajili ilivyokuwa na nafasi.

Miaka ya Ngaliema nitaipita haraka, kwa sababu miaka ya chuo hufanana: njaa, vitini vya kunakili, Kilingala nilichokijua kwa matusi kabla ya salamu. Lakini udongo lazima niuseme. Kinshasa imekaa juu ya vilima vya mchanga. Ngaliema, Mont-Ngafula, Selembao, Kisenso: mvua ikinyesha usiku, asubuhi kuna korongo mahali palipokuwa na njia, na nyumba inaning'inia ukingoni. Desemba 2022 mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 100 na kuikata barabara kuu ya Matadi. Mafunzo yetu yote ya kinga yalihusu mchanga na maji: mifereji, ngazi za kutuliza kasi, mianzi ya kushika kingo.

Kuna jaribio dogo la maabara nililolipenda. Unachukua udongo wenye unyevu, unauviringisha kwa kiganja juu ya kioo hadi uwe uzi wa milimita 3. Ukikatikakatika kwa unene huo, umefikia mpaka wake wa kufinyangika, na kiasi cha maji kilichomo wakati huo kinakuambia tabia yake. Mchanga wa Kinshasa haukubali kuviringishwa; unakumwagikia mkononi kama ahadi ya mwanasiasa. Mwaka wa tatu nilirudi kutoka likizo na kopo la udongo mwekundu wa Musonoi. Uliviringika vizuri, mrefu, bila kukatika. Fundi wa maabara akauliza umetoka wapi, nikamwambia nyumbani. Akasema: "Basi unajifunza hapa tabia ya mgeni, na wa kwenu humjui."

Nilidhani ananitania. Nilirudi Kolwezi mwaka 2014, mwaka uleule ambao mtu wa mtaa wa Kasulo aligusa kobalti akichimba kwenye kiwanja chake. Baada ya miezi kadhaa Kasulo nzima ilikuwa matundu. Watu walichimba uani, jikoni, chumbani chini ya kitanda, wakashuka kama kisimani kisha wakageukia pembeni, chini ya nyumba ya jirani. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kuitwa na mama mmoja mjane ambaye ukuta wake ulikuwa umeinama. Nilikwenda na timazi, na pimamaji, na diploma kichwani. Nilipima kila kitu juu ya ardhi. Nikaandika kwamba msingi umetitia kwa sababu ya maji ya paa kukosa mfereji, jibu safi la Kinshasa. Mama yule alinisikiliza kwa adabu, kisha akapiga sakafu kwa kisigino. Ilijibu kama ngoma.

Nilichana karatasi yangu mbele yake. Wiki hiyo nilienda kwa Kambo, ambaye alikuwa amezeeka sana lakini bado aliweza kukasirika. "Hukupiga sakafu?" aliuliza. "Miaka yote hiyo, hawakufundisha kupiga sakafu?" Nilimweleza kuhusu mchanga. Akasema kwamba katika Kolwezi mtu hajengi juu ya ardhi, anajenga juu ya paa la mtu mwingine. Wachimbaji walikuwa chini yetu tangu zamani. Aliyekumbuka namna sehemu ya kati ya mgodi wa Kamoto ilivyoporomoka mwaka 1990 hakuhitaji kitabu. Kamoto haiko mbali na Musonoi. Siku hizo, alisema, shahidi wake mmoja alipasuka bila baruti kupigwa, na hakujua atamweleza nani.

Tangu 2015, Kolwezi ilipokuwa makao makuu ya mkoa wa Lualaba, mji unajengwa kwa fujo: ghorofa, hoteli, mizunguko yenye sanamu. Kazi kwa watu wa aina yangu haikosekani, na vyuo vya kuwazalisha vimeongezeka kama maduka ya dawa. Vijana wanakuja kuniuliza, wakiniita yaya, yaani mkubwa wao: tuende wapi? Hapa hapa Kolwezi? Lubumbashi? Kinshasa? Kitwe? Wengine wanataja Dar es Salaam kwa sababu ya Kiswahili, wakidhani mhadhara wa zege huko hutolewa kwa Kiswahili, nami huwakatisha tamaa mapema. Wanataka niseme jina moja. Huwa nawapa kazi: kaone jaa la zege. Mtafute mhitimu asiyekuwa mjomba wako, umuulize alishika udongo mara ngapi kwa mkono wake. Uliza udongo huo ulitoka wapi. Mara nyingi hawarudi; wanaenda kwa mtu mwingine anayetaja jina. Siwalaumu. Kuna ada, kuna nauli, kuna baba mukubwa.

Mwaka jana alikuja binti wa dada yangu. Ilikuwa baada ya habari za mgodi wa Kalando, Novemba 2025, ambapo daraja la kubahatisha lililowekwa juu ya handaki lenye maji liliporomoka likiwa limejaa wachimbaji, wakafa watu zaidi ya 30. Alikuwa amezitazama picha kwenye simu kuliko inavyompasa mtoto wa miaka kumi na saba. Hakuuliza aende chuo gani. Aliuliza daraja lile lingehitaji nini lisianguke. Nikajibu kama mhandisi: mzigo, upana, egemeo. Akasema hapana, aliyelijenga alikuwa na nini mkononi?

Nilimchukua hadi nyumba ya zamani ya wazazi. Papa hayupo tena, Mama amehamia kwa mdogo wangu, wapangaji wamepaka ukuta rangi ya samawati. Ufa ungalipo, umepanda mpaka juu. Chini ya rangi tulihesabu mashahidi sita wa Kambo, wote wamekatika. Tarehe za wawili bado zinasomeka. Nilikuwa na jasi kwenye mfuko wa plastiki. Aliikoroga nyembamba mno, ikatiririka, akaikoroga tena. Nilimpa msumari.

"Niandike tarehe tu?" aliuliza. "Ao na jina?"

Kambo hakuwahi kuandika jina. Nikamwambia aandike lake.